Kikao cha Jumamosi: modemu na ruta zilizoidhinishwa

Ndugu wanakikundi, salamu kwenu nyote. Tutakutana mtandaoni Jumamosi, saa 10 jioni, na kabla ya hapo naomba kila mmoja asome jina la modeli kwenye kibandiko kilicho chini ya modemu yake (kifaa kinachoiunganisha nyumba na laini ya intaneti), kisha alilinganishe na orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa na kampuni inayompa intaneti, kwa kuwa modemu ya laini ya simu haiwezi kutumika kwenye kebo wala faiba, hata ikiwa mpya kabisa. Kwa ruta, yaani kifaa kinachosambaza intaneti hiyo kwenye simu na kompyuta za nyumbani, mna uhuru zaidi wa kuchagua, ilimradi bado inapokea masasisho ya usalama. Mkituma picha ya kibandiko hapa, ifunikeni nywila ya Wi-Fi iliyochapishwa juu yake. Wengi hulisahau hilo. Tafadhali thibitisheni ushiriki wenu kabla ya Ijumaa, saa 2 usiku.