Walimu wapya waanze na majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri walimu wapya wanaoripoti katika shule zetu za msingi. Azimio la kazi, yaani mpango wa ufundishaji wa mwaka, na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, ni vya lazima, na mthibiti ubora wa shule, ambaye sisi wazee tulimwita mkaguzi, atavidai. Lakini darasa la watoto tisini, ambalo si ajabu huku kwetu, halitulizwi na makaratasi. Jifunzeni majina yao katika majuma mawili ya kwanza kwa kutumia daftari la mahudhurio, kwani mtoto aitwaye kwa jina lake hunyamaza kabla hajaonyeshwa fimbo. Sahihisheni madaftari ya safu mbili za madawati kila siku, kwa zamu. Barua ya ajira itunzeni. Mtaihitaji wakati wa kuthibitishwa kazini, hata siku ya kustaafu.

Mwalimu mstaafu,
Singida