Risala ya Waongoza Watalii wa Amani, Muheza, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, wahifadhi, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama. Barabara umeionja mwenyewe, hatuna la kuongeza.

Historia yetu ni fupi. Bustani ya mimea ilianzishwa 1902 enzi za Wajerumani, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ikatangazwa 1997, nasi tukaanza kuongoza wageni. Mafanikio ni makubwa: tuna sare, tuna kibao, na mgeni tunamwonyesha ua la Usambara kwenye mwamba lilikozaliwa, si kwenye kopo la dirishani Ulaya.

Mheshimiwa, tuje kwenye njia za miguu. Nyingi zinashuka mlima moja kwa moja. Masika yakianza zinageuka mifereji: udongo unachukuliwa, mizizi inabaki nje, mgeni anakwepa utelezi kwa kukanyaga pembeni, na njia ya mita moja inakuwa ya mita tatu. Miche inakufa, tope linaingia Mto Zigi, ambao Tanga mjini wanakunywa maji yake.

Dawa tunaijua. Njia iinamie bondeni, sentimita 5 kwa kila mita ya upana. Kisha mawe yapangwe mshazari kukata njia, theluthi mbili ya kila jiwe ikizikwa, na upande wa bondeni uachwe wazi maji yatoke. Penye mteremko mkali, safu na safu zisipishane zaidi ya mita 10. Safu ikikaa kama kizingiti cha mlango haifai, tope linajaa nyuma yake na maji yanapita juu. Magogo nayo huliwa na mchwa, na kukata mti hifadhini ni kosa.

Nguvu kazi tunayo. Tunakosa sululu 10, mitaimbo 6, machepe 10, toroli 4, na lori la kusomba mawe kutoka nje ya hifadhi.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi vifaa pamoja na daraja la miguu "kabla ya masika". Hakusema ya mwaka gani. Fundi alikuja kupima, tukamchinjia kuku. Vigingi vyake sasa vimechipua majani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa heshima kubwa, leo usituahidi daraja. Tupatie vifaa hivyo kabla ya vuli kuanza Oktoba, na ututajie mtu wa ofisini kwako wa kufuatilia. Kama umeongozana naye, tunaomba asimame tumfahamu.

Tunaomba kuwasilisha.