Tusiishie kwenye kingamwili pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo habari za upandikizaji wa viungo vya wanyama hulipita haraka mno. Kila wanapotajwa nguruwe waliohaririwa jeni, msomaji huachwa akiamini kwamba kinga ya binadamu ilikuwa na pingamizi moja tu, nalo limekwisha kuondolewa.

Pingamizi hilo la kwanza lilikuwa zito kweli. Mishipa ya nguruwe imetandwa na sukari iitwayo alfa-gali, ambayo binadamu hana, na kwa kuwa bakteria wa matumboni mwetu wanayo, sote hubeba kingamwili, yaani protini za ulinzi zinazonata kwenye vitu vigeni, dhidi yake. Damu yetu ikipitishwa kwa mashine katika figo au moyo wa nguruwe wa kawaida, kingamwili hizo hunata kwenye utando wa mishipa, huziamsha protini za komplimenti, yaani protini za damu zinazotoboa na kuua seli ngeni, na kiungo huweza kuharibika ndani ya dakika au saa chache. Madaktari walijaribu kuzichuja kwanza kutoka katika damu, lakini mwili hutengeneza nyingine. Ndiyo maana kuzaliwa kwa nguruwe wasio na jeni ya sukari hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kulikuwa hatua kubwa, sawa na kuwapa jeni za binadamu zinazoidhibiti komplimenti, kama CD46 na CD55.

Kazi haikuishia hapo. Thrombomodulini ya nguruwe, ambayo wajibu wake ni kuzuia damu isigande ovyo, haiwezi kuiamsha ipasavyo protini C ya binadamu, inayozuia damu kuganda, kwa hiyo mishipa midogo huziba hata pale kingamwili zilipokwisha kupunguzwa. Ini la nguruwe ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Hunasa kwa wingi chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na seli zake za ulinzi humeza chembe nyekundu za binadamu, hata likaweza kuendelea kutoa nyongo, likaonekana zima, ilhali damu inayolipitia inazidi kudhoofika.

Mwaka 2024 ilipotangazwa huko Marekani kwamba ini la nguruwe, likiwa nje ya mwili, lilipitisha kwa saa 72 damu ya mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umekufa, nilifurahi kwa dhati. Hata hivyo, urefu wa saa ni nusu ya habari. Naomba waandishi wako waulize pia idadi ya chembe sahani ilishuka kiasi gani, na dawa za kuzuia damu kuganda zilihitajika kwa kipimo gani.

Kwa watafiti nina ombi moja: kila jeni mpya ijaribiwe kwanza kwenye mashine kwa damu ya watu kadhaa tofauti, maana kiasi cha kingamwili hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na majaribio yaliyoshindwa yachapishwe pamoja na yaliyofaulu, kabla mgonjwa yeyote hajaombwa kutia sahihi fomu ya ridhaa.

Msomaji wako