Pedi yako ya jeki

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mchoro wa pedi yako, yaani kile kipande cha mpira cha kuweka kati ya kichwa cha jeki na gari, nimeupata na nimeutazama kwa makini. Nimefurahi kuona umeamua kutengeneza kitu cha maana badala ya kuendelea kukunja tambara juu ya jeki.

Umeniuliza jambo moja tu: mpira uwe laini kiasi gani? Naomba swali hilo lisubiri kidogo, maana naona ndilo lililoupotosha mchoro. Kazi ya pedi ni kuchagua mahali uzito utakapokaa, kisha kuuzuia usihame gari likiwa juu. Umbo ndilo linalofanya kazi hiyo. Ulaini unasaidia kidogo tu kulinda rangi, na ukizidi unakuwa hatari, kwa sababu mpira laini huyumba.

Lala chini uutazame ule upindo wa bati unaopita chini ya milango. Ni mabati yaliyolazwa pamoja na kuchomelewa nukta kwa nukta, yakaachwa yananing'inia kama pindo la kanzu. Ukiusukuma wima una nguvu ya kutosha, lakini ukiusukuma kwa ubavu unakunjika. Kichwa cha jeki ya magurudumu ni bapa, tena kina meno pembeni. Uzito wote unaishia kwenye ncha nyembamba ya bati, upindo unalala, rangi inapasuka, maji yanapenya kati ya mabati, na kutu inaanzia ndani ambako huioni mpaka imekwisha kula. Hiyo ndiyo sababu jeki nyingi zinazokuja na gari zina mfereji kichwani, upindo uingie humo.

Sasa mfereji wako. Umeuchora kina cha milimita 8, na hukuandika upindo wenyewe una kimo gani. Tuseme ni milimita 12. Ncha ya upindo itagusa sakafu ya mfereji kabla mabega ya pedi, yaani sehemu zake za juu kandokando ya mfereji, hayajafika kwenye bodi, na hapo pedi haijakusaidia lolote. Ukitaka mabega yabebe, mfereji lazima uwe na kina kinachozidi kimo cha upindo hata baada ya mpira kubonyea. Lakini usifanye hivyo kwa kila gari! Yapo magari ambayo mtengenezaji amekusudia upindo wenyewe ubebe, katika sehemu iliyoimarishwa, mara nyingi kati ya alama mbili zilizokatwa kwenye bati, na pembeni yake kuna plastiki tu. Mabega ya pedi yataivunja plastiki hiyo. Kitabu cha gari kinaonyesha uinulie wapi. Kifungue kabla hujashika msumeno.

Jambo jingine ni tabia ya mpira wenyewe. Ukibanwa haupungui ujazo, bali unatafuta pa kutokea, na katika pedi yako utatokea ndani ya mfereji. Kuta zitasogeleana na kuubana upindo, nawe utashangaa pedi imegoma kutoka baada ya kushusha gari. Uupe mfereji milimita chache za ziada kwa upana, na pembe zake za chini uzizungushe. Umezichora kali kabisa, na pembe kali ndiyo mlango wa ufa.

Nimepiga hesabu ya haraka. Chukua gari la kilo 1,500. Ukiinua kona moja huwa hubebi robo tu, maana bodi ni ngumu na gurudumu la pili la upande huohuo hutaka kuinuka pia. Ni salama zaidi kukadiria nusu, yaani kilo 750, ambazo ni kama nyutoni 7,400. Pedi yako ya kipenyo cha milimita 65, ukitoa mfereji wa milimita 10, inabaki na eneo la milimita za mraba kama 2,670. Hapo kila milimita ya mraba inabeba karibu nyutoni 2.8. Mabega yakigusa nusu tu ya eneo hilo, jambo ambalo ni la kawaida kwa sababu chini ya gari si meza, mzigo unakuwa mara mbili. Ndiyo sababu jibu langu kwa swali lako ni ugumu wa 80 hadi 90 kwa Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira. Mpira wa tairi huwa kwenye 60 na kitu. Poliurethani inakufaa, na haisumbuliwi na oili kama mpira wa asili, ambao huvimba na kulegea.

Kuhusu printa ya 3D, itumie kwa kujaribia vipimo, au kwa kutengeneza kalibu ya kumiminia poliurethani. Pedi iliyochapwa imejengwa kwa tabaka, na kuta za mfereji zikisukumwa kwa ubavu tabaka zinaachana. Mbao nayo, kama utaitumia kwa muda, mfereji ukate nyuzi kwa kukingama. Ukiufuatisha na nyuzi, upindo utaipasua kama kabari. Au tumia plaiwudi.

Na msukumo huo wa ubavu upo kila unapoinua. Mkono wa jeki unazunguka kwenye ekseli yake, kwa hiyo kichwa hakipandi wima, kinachora tao. Jeki inapaswa kutembea kidogo ili kufuata tao hilo. Juu ya kokoto au udongo haitembei, na pedi ndiyo inayovutwa. Hapa ndipo mchoro wako unanitia hofu: chini umeuacha bapa. Pedi ya namna hiyo itakaa juu ya meno ya kichwa cha jeki na inaweza kuchomoka gari likiwa hewani. Ichonge chini iingie ndani ya meno na ikae imara, bila kucheza.

Ulisema ungependa pedi hiyohiyo itumike kwa gari la umeme. Hapana. Tesla Model 3, kwa mfano, ina matundu maalumu ya kuinulia, na betri iko jirani kabisa. Pale unahitaji kisahani chenye kishina juu, kinachoingia tunduni na kushikwa na pete ya mpira. Hiyo ni pedi nyingine, tutaichora siku nyingine.

Stendi za kushikilia gari likiwa juu umenunua? Sijaona ukizitaja. Tafadhali usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata pedi iwe nzuri namna gani.

Nipimie kimo na unene wa upindo, kipenyo cha ndani ya meno ya jeki, na nafasi iliyopo chini ya gari jeki ikiwa imeshuka kabisa, maana pedi nene inaweza isipite. Ukinitumia hivyo nitakurudishia mchoro uliosahihishwa.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafikiyo