Rehema, mkaa usiingie ndani

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili na mamako nimemsomea. Amefurahi kwamba umealika watu wanane Jumamosi na unataka kuwapikia chilidogi, soseji kwenye mkate na mchuzi wa nyama juu, kwa mkono wako. Mimi nimekwama pale ulipoandika kwamba jiko mtaliweka roshani, na upepo ukizidi mtalivuta ndani karibu na mlango "mkaa ukishaiva". Ndipo nilipotafuta kalamu, maana kwa simu ungesema "sawa Baba" na mambo yakaishia hapo.

Mkaa ulioiva ndio wenyewe, mwanangu. Moshi ukikatika na kaa likawa jekundu, watu hudhani ubaya umekwisha. Kilichokwisha ni kile kinachowasha macho. Kaboni monoksaidi inaendelea kutoka, haina rangi wala harufu, na inatoka hata kaa likiwa limejifunika jivu. Ikiingia kwenye damu inashika mahali pa oksijeni na haitoki upesi. Kinachoanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na kila mtu chumbani anadhani ameshikwa na mafua. Februari 2021, umeme ulipokatika Texas kwa baridi, watu waliwasha majiko ya mkaa ndani wapate joto, na wako wasioamka. Hawakuwa wajinga.

Nyumba ya bibi yako Tanga ina matundu juu ya kila dirisha, na mlango wa uani uko wazi kutwa. Huko kwenu Houghton, kaskazini mwa Michigan, theluji inapita mita tano kwa msimu, na nyumba zimezibwa kila upenyo. Nilipokuonyesha kufukiza nyama kwa kaa na samli, kaa kwenye bakuli, bakuli ndani ya sufuria, mfuniko juu, tulikuwa Tanga. Nilitakiwa nikwambie palepale kwamba lile ni jambo la kule. Sikusema.

Basi jiko lisitumike. Tena nimelitafuta gereji wiki nzima, kumbe ulilipakia bila kuniuliza.

Moshi unaoutaka hauhitaji mkaa. Utautoa kwenye pilipili. Chipotle ni jalapeno iliyoachwa mtini mpaka ikawa nyekundu, kisha ikakaushwa kwa moshi. Nunua ile ya kopo iliyolowekwa kwenye adobo, mchuzi mwekundu wa siki na viungo. Ya pili ni paprika ya moshi ya Hispania, ambayo kule La Vera huikausha kwa moto wa mwaloni. Soma kopo vizuri, kwa sababu paprika tamu ya kawaida ina rangi ileile na haina moshi hata kidogo. Ukizitumia hizo mbili, hakuna mgeni atakayeuliza jiko liko wapi.

Kwa soseji kumi na sita chukua nyama ya ng'ombe ya kusaga ratili mbili, yaani gramu 900, yenye mafuta asilimia 20. Ile isiyo na mafuta inakuwa kavu kama mchanga. Kata vitunguu viwili vikubwa kwa vipande vidogo kabisa, uvikaange kwa mafuta kidogo dakika nane au kumi, moto wa kati, mpaka vilegee bila kuungua. Tia punje sita za kitunguu saumu kilichopondwa, koroga nusu dakika, kisha ondoa sufuria motoni. Usiruke hapo. Ukishaiondoa ndipo utie vijiko viwili vya chakula vya paprika ya moshi, viwili vya unga wa pilipili isiyo kali, na kimoja cha bizari nyembamba uliyoikaanga kavu na kuisaga mwenyewe. Paprika ina sukari yake. Ikikutana na mafuta ya moto inaungua kwa sekunde chache, inageuka kahawia iliyofifia, na uchungu wake hautoki kwa sukari wala kwa nyanya. Ikiungua, mwaga uanze upya.

Koroga, kisha mimina lita moja ya maji baridi. Sasa tia nyama, mbichi, kwenye maji hayo baridi, uivuruge kwa mkono au kwa uma mpaka iwe kama uji. Najua itakuudhi kuitazama, na ninyi mmezoea kukaanga nyama kwanza. Ukiikaanga inashikana mabonge, na bonge halikai juu ya soseji, linaanguka kwenye nguo. Ikianzia kwenye maji baridi inabaki punje ndogondogo, na ndiyo hali ya mchuzi wa Coney, jina la chilidogi hapa Michigan. Rudisha motoni, ongeza nyanya ya kopo iliyokolezwa vijiko vinne vya chakula, chipotle tatu zilizosagwa na kijiko kimoja cha mchuzi wake, kijiko kimoja cha chai cha oregano kavu, chumvi vijiko viwili vya chai. Ikianza kuchemka punguza moto, iache wazi saa moja na nusu, ukikoroga chini kila dakika kumi. Inatosha pale utakapopitisha mwiko katikati ya sufuria na njia yake ikakaa kidogo kabla ya kufunga. Maliza kwa siki vijiko viwili. Bila siki moshi unalala mdomoni kama masizi.

Ukali utauona mwenyewe. Ukitaka zaidi, katia habanero moja, hiyo ndiyo jirani ya pilipili mbuzi yetu. Itie mapema ienee, tena uvae glavu. Ikikuzidi usiongeze maji, ongeza nyama nyingine uliyochemsha bila pilipili.

Maharage usitie. Ukiyatia kitakuwa chakula kizuri, ila usikiite Coney mbele ya watu wa Michigan. Wagiriki waliokuja Detroit waliuchukua mchuzi huu wakaufanya chakula cha mfanyakazi, na maduka mawili yaliyoanzishwa na ndugu Keros, American na Lafayette, bado yamepakana ukuta kwa ukuta katikati ya mji. Coney ya pande zote mbili za ukuta ule haina maharage. Kule Flint mchuzi ni mkavu zaidi, karibu nyama tupu. Wewe fuata Detroit.

Upike Ijumaa. Usiku uugawe kwenye vyombo vya kina kifupi, kama vidole vitatu, uingie frijini kabla ya saa mbili kupita tangu utoke motoni. Asubuhi utakuta mafuta mekundu yameganda juu. Usiyatupe yote kama ulivyofanya mwaka jana. Ladha ya moshi na pilipili imo humo. Toa nusu, nusu irudi. Wakati wa kupasha hakikisha umechemka kweli, 74 kwa Selsiasi au 165 kwa kipimo chenu cha Farenhaiti.

Kwenye soseji hapo nikuulize: umeshaangalia ngozi? Pakiti ikiandikwa ng'ombe mtupu, hiyo ni habari ya nyama. Ngozi inaweza kuwa ya utumbo wa nguruwe, au ya kolajeni, protini itokayo kwenye ngozi za wanyama, ambayo asili yake hawakuitaja. Usinunue huko kwa kubahatisha. Nimekununulia pakiti nne za halali hapa Dearborn, zenye ngozi ya utumbo wa kondoo, ile inayopasuka kwa mlio ukiiuma. Jirani yetu anapanda huko Ijumaa kumchukua mwanawe, safari ya saa tisa au kumi, na amekubali kubeba boksi la barafu. Zitafika zimeganda. Zihamishie frijini usiku huohuo, usiziyeyushe juu ya meza.

Za kukaangia tumia kikaango cha chuma cha mamako, ambacho nacho naona kimehama bila ruhusa. (Amesema ukitumie. Amesema pia usikiloweke usiku kucha.) Zipange soseji nane, tia maji robo kikombe, funika dakika nne au tano, moto wa kati. Fungua, maji yakauke, kisha tia mafuta kijiko kimoja uzizungushe dakika tatu hivi mpaka zishike michirizi myeusi. Ukianza na moto mkali, maji ya ndani yanageuka mvuke kabla ngozi haijalegea, soseji inapasuka na utamu wote unabaki kwenye kikaango. Ile michirizi nayo inaongeza harufu ya kuchoma. Fungua dirisha kidogo na uwashe feni ya kuvuta moshi.

King'ora cha moshi kikilia, kipepee kwa kitambaa. Betri usitoe. Najua wanafunzi wanavyofanya. Tena hicho cha moshi hakikusikilizii kaboni monoksaidi, ni vitu viwili tofauti. Ndiyo maana ukiniambia "Baba, tuna king'ora darini" bado sijapata usingizi.

Mkate uuvukishe. Weka kitambaa kisafi kwenye chujio juu ya maji yanayotokota, bani zilale dakika moja, zifunikwe. Usipofanya hivyo zinapasuka kwenye bawaba, mchuzi unamwagikia mkononi. Upangaji: soseji, upawa mdogo wa mchuzi, mstari wa haradali ya njano, kisha kitunguu kibichi kilichokatwa kama punje za mchele. Jibini ukipenda. Kama mmoja wa wageni atakuja na mtoto chini ya miaka minne, soseji yake ichane kwa urefu mara nne. Kile kipande cha mviringo kinaziba koo sawasawa.

Na wenzako waking'ang'ania jiko, basi liwe uwanjani, chini kabisa, mita tatu kutoka ukutani na zaidi, lisiwe roshani wala gereji hata mlango ukiwa wazi. Kanuni za zimamoto sehemu nyingi zinakataza mkaa kwenye roshani za maghorofa, na sababu unaziona. Sukuma mkaa upande mmoja, soseji upande mwingine, tupia kipande kimoja cha mti wa cheri, funika. Subiri moshi uwe mwembamba wa bluu. Ule mweupe mzito unaleta uchungu. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, zikizidi ngozi inajikunja kama tende. Mkimaliza, jivu limwagieni maji mpaka likome kufoka, likae kwenye debe la chuma nje siku mbili. Lisiingie ndani hata kama limeonekana limekufa. Jiko pia lilale nje.

Mamako anauliza kama godoro limekauka, na kama ile blanketi ya kijani ilitosha. Salim amehamia chumba chako. Nimemkataza kugusa rafu ya vitabu. Shangazi yako amepiga simu kutoka Tanga, nimemwambia unasomea uinjinia mahali penye theluji ya kumzidi mtu kimo, akapiga vigelegele kwenye simu. Mpigie Jumapili, saa zake ziko mbele, usimwamshe. Na bili ya simu mwezi huu imekuwa kubwa, tutaizungumza.

Ndani ya boksi la barafu, juu, kwenye mfuko wa nailoni, kuna kopo la paprika na ving'ora viwili vyeupe vya kaboni monoksaidi. Huwa vina umri, tarehe imeandikwa nyuma. Juzi niligeuza cha ukumbini kwetu nikakuta kimepitwa miaka minne, na ninyi nyote mmelala chini yake. Nimeshakibadilisha. Chako kimoja kiweke karibu na mlango wa chumba unacholala, cha pili kwa hao wenzako wa chini. Betri nimeshatia. Kikilia msitafute sababu, tokeni nje wote mwanzo, ndipo mpige 911.

Ukishakitundika nipigie, halafu ubonyeze kitufe cha kujaribia simu ikiwa wazi. Nataka kukisikia.

Baba yako