Kwa nini tunakuomba dakika kumi za kuristati fayawoli yako

Mbukwenyi wateja wetu wote, wa hapa Dodoma mjini, Area C, Kisasa, Nkuhungu, na nyie wa Kibaigwa, Mpwapwa na Kondoa. Kuna swali tunaulizwa karibu kila tukipiga simu kuomba muda wa kuristati kale kaboksi ketu, "kwani kana tatizo gani, mbona intaneti inapiga mzigo vizuri tu?" Swali zuri kabisa na mtu anayelipa hela yake kila mwezi ana haki ya kuuliza, sasa badala ya kujibu kipande kipande kwenye simu huku uko kaunta na wateja wamekuzunguka tumeona tuandike hapa yote kwa utulivu.

Kwanza kaboksi kenyewe, ndio hiyo fayawoli, mlinzi wa mlango wa mtandao wako. Ni ile kompyuta ndogo isiyo na feni tuliyokufungia kati ya ruta ya kampuni inayokuuzia intaneti na swichi yako, yenye taa za kijani zinazocheza cheza. Ndani yake kuna mfumo endeshi unaitwa OpenBSD. Huu ni mradi wa bure, msimbo wake uko wazi mtu yeyote anausoma, ulianzishwa 1995 na Theo de Raadt anayeishi Kanada, na ni watu haohao waliotengeneza OpenSSH, ile programu ambayo karibu kila seva ya Linux duniani inatumia kuingilika kwa usalama kutoka mbali. Tuliuchagua kwa sababu ya kazi yake, yaani kuamua nini kiingie nini kisiingie, kutenganisha waifai ya wageni na kompyuta ya mapokezi, na kuunganisha tawi lako la mjini na ghala lako la Kibaigwa bila mtu katikati kusoma kinachopita.

Sasa, hata mfumo ulioandikwa kwa uangalifu kiasi hicho una makosa, maana umeandikwa na binadamu. Kosa likigundulika kwenye toleo ambalo tayari liko mikononi mwa watu, wenye mradi wanatoa pachi, yaani kiraka cha kurekebisha kosa, chenye namba, 001, 002, 003 na kuendelea, na pachi nyingi wanaziweka kundi mojawapo kati ya mawili. Kuna pachi za usalama, hizo ni pale ambapo mtu anaweza kutumia kosa kuingia au kuchukua kitu kisicho chake. Halafu kuna pachi za uthabiti, hizo ni pale ambapo mashine inaweza kuganda, kuzima ghafla au kula memori kidogo kidogo mpaka ishindwe kazi, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Wateja wengi tukiwaambia pachi ya usalama wanaelewa haraka, wanasema haya njooni. Tukisema ya uthabiti ndio hapo mtu anakwambia "ah hiyo subirini mpaka mwisho wa mwezi." Na hapa ndipo tunapotaka uelewe vizuri, kwa sababu mstari kati ya hayo makundi mawili ni mwembamba kuliko unavyodhani, na mfano wake umetoka kwenye OpenBSD yenyewe.

Mwaka 2007 wataalamu wa kampuni ya Core Security waligundua kosa kwenye kerneli ya OpenBSD, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha mashine nzima, sehemu inayoshughulikia pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) za IPv6, ule mpangilio mpya wa anwani za intaneti. Wakawaandikia wenye mradi. Wenye mradi wakaliangalia, wakaona mtu akituma pakiti za namna fulani mashine inaanguka, basi, inaristati maisha yanaendelea, wakatoa marekebisho na kuyaweka kundi la uthabiti. Core Security hawakuridhika, wakakaa chini wakatengeneza mfano unaofanya kazi kweli, wakaonyesha kwamba kosa lilelile halizimishi tu mashine, linamwezesha mtu aliye kwenye mtandao mmoja na wewe kuendesha msimbo wake mwenyewe ndani ya kerneli, na akishafika kwenye kerneli ndio ameshamiliki mashine nzima. Ikabidi pachi ileile ibadilishwe jina, ikawa ya usalama. Na maneno ya kwenye tovuti yao yaliyokuwa yanajivunia tundu moja tu la kuingilika kutoka mbali kwenye mfumo uliosakinishwa kawaida yakabadilishwa yakawa matundu mawili, na mawili ndio yamebaki hapo mpaka sasa.

Fikiria sasa mtu aliyesoma siku ile "uthabiti" akasema nitaweka mwisho wa mwezi. Huyo alibaki wazi. Ndio maana sisi hatuchagui, pachi ikitoka inawekwa, iwe kundi gani, na tukikupigia simu tukasema ni ya uthabiti tafadhali usiisogeze.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi, Januari 2020, programu ya barua pepe ya OpenBSD inayoitwa OpenSMTPD. Kampuni ya Qualys waligundua kwamba mtu akiandika anwani ya mtumaji kwa ujanja fulani, seva inachukua sehemu ya ile anwani na kuiendesha kama amri, tena kwa mamlaka ya juu kabisa. Kosa lilikuwa limeingia Mei 2018. Ukiacha mipangilio ya kawaida programu hiyo inasikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, kwa hiyo maboksi kama ya kwako hayakuwa na mlango wazi kwa nje, lakini mtu aliyekuwa ameifungua ipokee barua kutoka intaneti alikuwa hatarini kweli. Pachi ilitoka palepale habari ilipotangazwa, na kabla mwezi unaofuata haujaisha Qualys wakatangaza tundu jingine kwenye programu hiyohiyo, pachi nyingine ikatoka. Aliyeweka ya kwanza akadhani amemaliza hakuwa amemaliza.

Na kitu ambacho watu hawakifikirii ni hiki, kwa kuwa msimbo uko wazi, pachi ikitoka leo kila mtu anaiona, mdukuzi naye anaiona, analinganisha ya zamani na mpya, anajua tundu lilikuwa mstari gani. Ni kama mtu apande juu ya gari la matangazo pale soko la Majengo aseme kufuli za aina fulani zinafunguka kwa msumari, halafu wewe nyumbani ndio unayo hiyo kufuli. Kabla ya tangazo labda wachache walijua, baada ya tangazo wamejua wote. Kwa hiyo hatari ya boksi lisilowekwa pachi inaongezeka siku ile dawa inapotoka, na watu hawaibii mitandao kwa kuchagua sura, wana programu zinazopita anwani moja baada ya nyingine usiku na mchana, lodge ya vyumba kumi Ipagala na benki kubwa ya ng'ambo kwao ni namba tu.

Haya, tukija tunafanya nini hasa. Mara nyingi wala hatuji, tunaingia kwa mbali. Kuna amri inaitwa syspatch, ilikuja na toleo la 6.1 mwaka 2017, kabla ya hapo ilibidi ushushe marekebisho ya msimbo na uyajenge mwenyewe, kwa kompyuta ndogo hiyo ilikuwa kazi ya kukesha. Siku hizi tunaandika syspatch -c inatuonyesha pachi zipi hazijawekwa, tukiandika syspatch peke yake inaanza kazi, inashusha moja moja, inahakiki sahihi ya kila faili kabla ya kuligusa. Hiyo sahihi, yaani saini ya kidijitali ya wenye mradi, ni muhimu mno kwetu, ufunguo wa kuhakiki pachi za toleo ulilonalo uko tayari ndani ya boksi lako, na ufunguo wa toleo linalofuata nao ulishakuja humohumo, kwa hiyo hata mtu akikaa katikati ya njia akatuletea pachi feki inakataliwa papo hapo. Ikishakubali inahifadhi kwanza nakala za mafaili ya zamani kwenye /var/syspatch ndipo inaweka mapya. Pachi ikileta shida, syspatch -r inarudisha ile ya mwisho ilivyokuwa. Tunaipenda sana hii kwa sababu hatukuachii boksi lililokwama nusu njia.

Kama pachi imegusa kerneli, inaunganisha kerneli upya, na kwenye vile viprosesa vidogo hapo inachukua muda kidogo, halafu ndio inahitaji kuristati. Kerneli ya zamani inaendelea kukaa kwenye memori mpaka uristati, yaani pachi iko kwenye diski lakini bado hujalindwa. Hizo ndizo dakika tunazokuomba. Intaneti inakatika, taa zinazima zinawaka, mambo yanarudi. Kwa kawaida inarudi mapema kuliko hizo kumi, ila tunasema kumi ili mtu wa mapokezi asianze kupanic.

Mmoja wenu alituuliza kwa nini tusiiache ijiristati yenyewe usiku tusisumbuane. Syspatch yenyewe hairistati mashine, inakuachia wewe uamue, na sisi tunaona ni sawa kabisa, maana lodge usiku ndio wageni wako vyumbani wanaangalia mpira, ghala mchana ndio mnapokea malori ya mahindi, duka la dawa linalofunga saa nne usiku lina muda wake. Hatutaki mashine ichague yenyewe dakika ambayo mteja wako yuko katikati ya kulipia kontrol namba. Tupe saa yako, tutaifuata hata ikiwa saa kumi alfajiri.

Sasa ombi kubwa kuliko yote, umeme. Tafadhali sana msichomoe waya wa boksi kuliristati. Mfumo wa mafaili wa OpenBSD hauna ile kumbukumbu ya kujirekebisha haraka kama mifumo mingine, umeme ukikatika ghafla likiwaka linaanza kukagua diski yote, na likikuta uharibifu mkubwa linasimama palepale linasubiri mtu aje na kibodi na skrini. Hapo ndio unakaa bila intaneti mpaka fundi atoke mjini afike Mpwapwa. Ile UPS ndogo tuliyokufungia, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ni ya boksi na swichi tu, kuna sehemu tumekuta imechomekwa birika la chai na chaja za simu za wafanyakazi wote, betri inakufa kabla ya mwaka. TANESCO wakikata tukiwa katikati ya kuweka pachi ni hiyo UPS ndiyo inayookoa kazi.

Jambo la pili ni matoleo. OpenBSD wanatoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi, kwa kawaida Aprili na Oktoba, na pachi wanatengeneza kwa matoleo mawili tu, la sasa na lililotangulia. Toleo la 7.7 lilipotoka Aprili 2025, aliyekuwa kwenye 7.5 ya Aprili 2024 pachi zikaishia hapo. Boksi linaendelea kuwaka, waifai inaendelea kupiga, hakuna ujumbe wowote wa kukwambia umeachwa, na hilo ndilo linalotusumbua zaidi tukikuta boksi la zamani kwa mteja mpya. Tena huwezi kuruka, kutoka 7.3 kwenda 7.7 unapita 7.4, 7.5, 7.6 moja moja, kila moja na kuristati kwake na kukagua mipangilio. Aliyekwepa dakika kumi mara kadhaa anaishia kutupa nusu siku nzima.

Tatizo ni kwamba lile toleo la Aprili linaangukia Bunge la bajeti, na lodge zote za Dodoma ndio zinajaa mpaka mwisho wa Juni, hakuna anayetaka kusikia habari ya kuzima intaneti. Tunalielewa vizuri sana hilo. Kwa wenye lodge na migahawa tumepanga hivi, kipindi cha Bunge tunaweka pachi za kawaida tu kwa saa mnazochagua, toleo jipya tunahamia Julai wageni wakishaondoka, kwa sababu toleo mlilonalo bado linapata pachi mpaka la Oktoba litoke. Ila ikitokea pachi nzito kama ile ya 2020 hatutasubiri Julai, tutakupigia siku hiyohiyo.

Na kwa wale wenye daftari la wageni kwenye kompyuta, majina, namba za vitambulisho, simu, mkumbuke kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na inakutaka wewe uliyekusanya hizo taarifa uzilinde. Boksi likiwa na pachi zote ni sehemu ya huo ulinzi, siyo ulinzi wote. Kompyuta ya mapokezi yenye Windows haipati pachi zetu, na zile rekoda za kamera zenye paswadi ya kiwandani ndio usiseme, tukija tuombe tuziangalie pia, hatuongezi bei kwa hilo.

Ukitaka kujua boksi lako liko toleo gani na limewekwa pachi mpaka namba ngapi, tuandikie jina la biashara yako kwenye namba ileile unayotumia kutupata, tutakutumia majibu yaliyotoka kwenye mashine yenyewe. Na ukiwa unaandika tuambie kabisa saa zako tatu unazopendelea kuristatiwa, tutazihifadhi kwenye faili lako ili tusikupigie tena katikati ya kazi.