Barua ya malalamiko: Seti ya kuinua Land Cruiser iliyofungwa nusu

Kitengo cha Magari,
Kikundi cha Wafugaji Nyuki,
Tabora.

Meneja,
Idara ya Huduma Baada ya Mauzo,
Dar es Salaam.

YAH: KASORO ZA SETI YA SPRINGI NA SHOKAPU ILIYOFUNGWA KWENYE PIKAPU YETU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gari tunalolalamikia ni pikapu aina ya Toyota Land Cruiser 79, injini 1HZ, yenye koili mbele na springi za majani nyuma, matairi 7.50R16. Lilifungwa seti yenu ya kuinua inchi 2 kwenye gereji yenu, na mafundi wenu, kwa vifaa vyenu. Tunalitaja hili mapema kwa sababu jibu mlilotupa kwa simu lilikuwa kwamba "fundi wa mkoani ameligusa". Hakuna aliyeligusa. Rangi ya njano ambayo mafundi wenu waliipaka juu ya nati bado ipo mahali pake, isipokuwa kwenye nati zilizolegea zenyewe. Picha tumeambatisha.

Urefu tumeupata, tena nyuma tumezidishiwa. Tukipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu, limepanda milimita 50 mbele na 78 nyuma. Lalamiko letu ni kwamba mmeinua gari, mkaacha karibu kila kitu kinachobadilika gari linapoinuliwa.

Chanzo ni springi za nyuma. Fomu yenu ya oda iliuliza mambo mawili: mzigo wa juu kabisa na mzigo wa kila siku. Tulijaza yote. Mzigo wa juu ni ndoo 28 za lita 20 msimu wa kurina; ndoo ya ujazo huo ikijaa asali ina kilo 28 hivi, si 20, kwa hiyo jumla ni karibu kilo 800. Mzigo wa kila siku ni mizinga, mavazi ya kazi na watu, kilo 300 hadi 400. Mwuzaji wenu inaonekana alisoma mstari wa kwanza tu, akaongezea na cha juu, akatoa springi zilizoandikwa mzigo wa kudumu wa kilo 1,000. Springi za namna hiyo zinatengenezwa kwa gari ambalo mzigo haushuki kabisa: lenye tangi la maji, boksi la vifaa au winchi nyuma. Likiwa na kilo 300 majani hayachezi. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, kama ile ya Ipole kwenda Rungwa, tairi za nyuma zinarukaruka badala ya kufuata njia, na shokapu zinalazimika kuzuia msukumo wa springi zilizo na nguvu kuliko uwezo wao. Zote mbili za nyuma zinavuja mafuta. Hatushangai, na hatuombi shokapu za nyuma za aina ileile zifungwe juu ya springi zilezile.

Sasa breki, ambazo ndizo sababu ya kuandika badala ya kuendelea kupiga simu.

Kwenye chesisi ya nyuma kuna vali inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Imeunganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likipakia, chesisi inashuka kuikaribia ekseli, fimbo inasukuma, na vali inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu chesisi inakaa juu, vali inabana presha ili tairi za nyuma zisifunge na kuserereka. Mkiinua chesisi bila kugusa fimbo hiyo, vali "inaona" gari tupu hata likiwa limejaa. Na mkiweka juu yake springi ngumu zisizoshuka, mmeifungia vali hapohapo. Ndivyo ilivyo kwenye gari letu: likiwa na kilo 800, fimbo haijafika hata pale ilipokuwa likiwa tupu kabla ya kuja kwenu. Pedi za mbele zimekwisha mapema, breki za nyuma hazijachakaa, na likiwa na mzigo gari linachukua umbali mrefu kusimama huku pua ikizama. Mkoa wetu ni tambarare, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeumia. Gari hilohilo lingeshuka mlima wa Sekenke na shehena, barua hii ingeandikwa na mtu mwingine kwa sababu nyingine.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ni breketi ya kunyanyua mguu wa fimbo upande wa ekseli kwa kiasi kilekile ambacho chesisi imepanda, kisha presha ya mbele na ya nyuma ipimwe kwa geji, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Ni kipande cha chuma chenye matundu mawili. Hakikuwamo kwenye boksi, wala hakikutajwa kwenye ankara, wala fundi wenu hakusema kitu alipokabidhi funguo.

Usukani nao una yake. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye chesisi. Kila inchi unayoinua mbele, mikono inainama na ekseli inajizungusha, na pembe ya kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu hukatia kona, inapungua kwa karibu digrii moja. Inchi 2 ni digrii 2 hivi. Ongezeni kwamba nyuma imepanda milimita 28 zaidi ya mbele. Kwa urefu wa milimita 3,180 kati ya ekseli na ekseli, hiyo inainamisha chesisi nzima na kula nusu digrii nyingine. Kipimo kilichofanywa baada ya kazi yenu kinaonyesha kasta karibu sifuri pande zote mbili. Matokeo yake kila dereva anayajua: usukani haurudi wenyewe baada ya kona, gari linaelea kwenye lami ya Nzega likifika spidi 80, na likipiga shimo moja magurudumu ya mbele yanaanza kutetemeka hadi upunguze mwendo. Fundi wenu aliliona, maana alifunga dampa mpya ya usukani (shokapu ndogo ya kutuliza mitikisiko), ngumu kuliko ya kiwandani, na mkaitoza. Dampa haitibu kasta. Inaficha tetemeko kwa muda, na siku ikichoka tetemeko linarudi likiwa limeshakula beringi za kingi pini (mhimili wa gurudumu) na tairodi inayounganisha magurudumu ya mbele. Kwa inchi 2 zinatosha bushi za mikono zenye tundu lililohama katikati, zikishindiliwa kwa presi na alama zake zikitazama upande sahihi. Zikigeuzwa zinapunguza kasta badala ya kuiongeza, kwa hiyo pembe ipimwe kabla na baada, na karatasi ya vipimo tupewe.

Rodi ya panhadi, ile inayoizuia ekseli isiende kando, mmeiacha ya kiwandani. Gari likipanda, rodi inasimama zaidi na kuivuta ekseli kuelekea upande ambako rodi imefungwa kwenye chesisi. Kwetu ekseli imehama milimita 9. Hilo peke yake lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba usukani ulipokaa upande, fundi alichomoa usukani kwenye meno yake akaurudisha ukiwa umenyooka. Kwa macho umenyooka, lakini boksi ya usukani haipo katikati tena: kushoto unazunguka zaidi kuliko kulia, na ile sehemu ya katikati ambako boksi hukaza sasa inaangukia gari likiwa kwenye kona. Ilipaswa kurekebishwa rodi inayotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni, baada ya ekseli kurudishwa katikati kwa rodi ya panhadi inayorefushwa. Usukani haukupaswa kuguswa kabisa.

Shokapu za mbele ni mpya, nzuri kwa sura, na urefu wake ni uleule wa kiwandani. Koili zimepandisha chesisi milimita 50, kwa hiyo gari likisimama tu mahali palipo sawa, shokapu imeshanyooka na kubakiwa na milimita 30 za kushuka. Gurudumu likiingia shimoni linaning'inia kwenye shokapu, unasikia kishindo cha chuma, na raba za juu zimeshakatika pande zote mbili. Tunahitaji shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hiki. Ila angalieni: shokapu ndefu zitairuhusu ekseli kushuka kuliko zamani, na hapo mipira ya breki ya mbele itakaza. Leo haikazi kwa sababu shokapu fupi zinaizuia ekseli. Mkituma shokapu ndefu bila mipira mirefu mtakuwa mmehamisha kosa kutoka kwenye raba kwenda kwenye breki. Vije pamoja.

Yu-bolti za nyuma, zinazobana springi kwenye ekseli, ni zilezile za zamani. Pakiti yenu mpya ya majani ni nene kuliko iliyotolewa, hivyo bolti hazikufika; nati zimeshika nyuzi chache na hakuna uzi hata mmoja unaochomoza. Yu-bolti iliyokwisha kukazwa imenyooka nyuzi zake na hairudiwi, hilo linajulikana katika gereji yoyote. Upande wa kushoto zimelegea, pakiti imeanza kuteleza, na senta bolti, ambayo kazi yake ni kupanga majani na si kuzuia ekseli, imeanza kukatika. Ekseli upande huo imerudi nyuma milimita 6. Tunataka yu-bolti mpya nne zenye urefu unaoendana na pakiti, senta bolti mpya, na maelekezo ya toki (nguvu ya kukazia nati) kwa maandishi. Zikazwe kwa mkingamo, na zirudiwe baada ya kilometa 500 gari likiwa na mzigo. Kadi yenu ya huduma haikutaja marudio hayo popote.

Bushi za mikono na za panhadi zilikazwa gari likiwa juu ya jeki. Raba hizo zimegandamana na chuma, kwa hiyo zinabaki zimejisokota gari likishuka chini. Mbili zimeshachanika. Mtakazotuma zikazwe magurudumu yakiwa chini.

Mtetemo wa propela, shafti inayozungusha ekseli ya nyuma, hatuudai, ingawa upo kidogo. Tunaamini utapungua nyuma ikishuka ilipopaswa kuwa. Kelele za bushi za plastiki kwenye springi nazo tumezimaliza kwa grisi.

Tunachodai ni hiki. Springi za nyuma zibadilishwe kwa zile za mzigo wa kilo 300 hadi 400, na kwa msimu wa asali mtupe mifuko ya hewa ya kusaidia springi au jani la ziada linaloshika mzigo ukizidi. Uamuzi huo tunauacha kwenu. Vifaa vyote tulivyotaja hapo juu vitumwe kwa gharama zenu, pamoja na pedi za mbele. Fedha ya dampa irudishwe. Kazi ifanyike hapa Tabora na fundi mtakayemtuma, kwa sababu gari lenye breki za namna hii hatulirudishi Dar es Salaam kwa kuendeshwa. Pendekezo lenu la kurudisha koili za zamani na "kuyamaliza" hatulikubali. Kimo cha inchi 2 tunakihitaji kwenye visiki na njia za maji za misitu ya Sikonge, na tumekilipia.

Matumizi ya gari tuliyaandika kwenye fomu kabla ya kulipa, na nakala yenye muhuri wenu tunayo. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mwuzaji aliyeelezwa matumizi na kutegemewa kwa utaalamu wake anawajibika bidhaa ifae kwa matumizi hayo. Tunawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi tutawasilisha shauri hili Tume ya Ushindani, pamoja na vipimo na picha.

Breketi ya vali ya breki isisubiri vingine. Itumeni kwa basi la kwanza, na namba ya risiti ya mzigo mtutumie siku hiyohiyo.

Wenu katika kazi,

Kitengo cha Magari,
Kikundi cha Wafugaji Nyuki,
Tabora.

Viambatisho: nakala ya fomu ya oda, ankara, karatasi ya vipimo vya magurudumu, picha.